Masika Aliyozaliwa Bosi

Machi 11, Jumatatu

Mvua imeanza kweli kweli. Tangu alfajiri inagonga mabati kama mtu aliyefungiwa nje. Nimefika kazini viatu vimejaa maji, nikavivua, nikashinda na kandambili za wodini.

Leo nimepima watoto wanne. Mmoja alilala tangu nilipomvalisha kofia mpaka nilipomvua. Kwa kazi yetu hiyo ni zawadi. Nyumbani bado hawaielewi kazi hii. Kaka yangu huwaambia rafiki zake kwamba dada yake ni fundi vichwa. Ukweli ni kwamba mimi ni muuguzi niliyeazimwa na utafiti. Namvalisha mtoto mchanga kofia laini yenye vidude vya kunasa umeme mdogo wa ubongo, kisha tunamwekea sauti masikioni: kwanza ya mtu asiyemjua, halafu ya mama yake. Kwenye kompyuta mistari inapanda na kushuka, na ikifika zamu ya mama, inaruka. Mruko huo ndio tunaoufuata. Mama naye tunamfuata: analalaje, anakula nini, ana huzuni kiasi gani. Maziwa yake na damu ya kitovu vinakaa kwenye majokofu mawili chumba cha nyuma, vikisubiri kupimwa.

Jioni Profesa, mkuu wa utafiti, amepita na mwavuli uliovunjika mbavu. Ni mama wa makamo, anaongea polepole, na watoto wote wa utafiti anawajua kwa sura. "Ubongo haujengwi mara mbili," huwa anatuambia. Nikiwa mkubwa nataka kuwa kama yeye, na nishavuka miaka arobaini.

Machi 14

Wifi, mke wa kaka, amekuja kliniki. Miguu imemvimba kidogo ila presha ni nzuri. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, mdomo haumtulii. Kwenye foleni amewachekesha wajawazito wenzake kwa kumwigiza daktari anavyotembea, na daktari alikuwa nyuma yake. Yumo kwenye utafiti wetu, nilimwingiza mwenyewe. Aliponiuliza atapata nini nikamwambia, "Utapata mtoto aliyepimwa na shangazi yake." Akasema basi hiyo ni hasara, lakini akasaini.

Machi 19

Umeme umekatika mara nne. Jenereta kubwa la hospitali limekufa, eti kipuri kiko njiani. Letu dogo, la utafiti, lipo nyuma ya jengo letu na linanguruma vizuri.

Sista wa wodi ya watoto wachanga, tunayemwita Mama Taa kwa jinsi anavyozilinda zile taa zake za bluu za kutibia watoto wenye manjano, alisimama mlangoni kwangu akipepesa macho. "Kumbe jua limehamia huku," akasema. "Nyie mna mashine ya kumsikiliza mtoto anawaza nini. Sisi tuna tochi ya simu ya kumtafutia mshipa."

Nikacheka. Naye akacheka. Akarudi kwake, nami nikaendelea na kazi.

Machi 23

Mvua. Nguo hazikauki, nyumba nzima inanuka kitambaa kibichi.

Machi 26

Nimegombana na Mama. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi kwake, tunagombana kwa zamu. Safari hii ni kuhusu chumba cha Wifi. Mama ameziba dirisha kwa blanketi ili mkwewe asipigwe na baridi, na mle ndani sasa ni giza la shimo. Nikamwambia mjamzito anahitaji hewa. Akanijibu kwamba yeye amezaa wanne bila kupimwa hewa. Kaka alikuwa anakula, hakuinua kichwa. Kaka kwenye ugomvi ni kama fenicha.

Machi 30, Jumamosi

Amezaliwa! Msichana, kilo tatu na ushee, kalia kabla hajatoka vizuri. Nilikuwepo, nimemshika mkono Wifi mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kaka alipoitwa aliingia akiwa amevaa shati kinyume, akamtazama mwanawe, akaanza kulia kwa sauti mpaka mkunga akamwuliza ni yeye aliyejifungua.

Tumempa jina la mzaha: Bosi. Akikohoa, watu watano wanasimama.

Machi 31

Wameruhusiwa. Wodini wanalala wawili wawili kitandani, hakuna nafasi ya kumweka mtu asiyeumwa. Tumerudi nyumbani katikati ya mvua, Mama akiwa amemfunika Bosi kwa khanga tatu na koti la kaka.

Aprili 2, Jumanne

Umeme hakuna mtaa mzima tangu jana. Nimerudi kazini nimechoka, nikaingia kwa Wifi. Mama alikuwa amewasha mshumaa. Bosi amelala. Wifi anasema amelala sana, akimwamsha kunyonya, huvuta mara mbili akasinzia.

Nikamsogeza karibu na mwali. Nikaona njano. Lakini kwa mshumaa sote tulikuwa njano. Nikauweka mkono wangu kando ya shavu lake, nao ni njano. Nikang'oa blanketi la dirishani, nje kumeshakuwa kijivu, sikuona chochote cha maana. Nikambonyeza pua kwa kidole nione rangi ya ngozi inaporudi. Sikuipenda.

"Tumpeleke hospitali," nikasema.

"Kwa mvua hii?" Mama akauliza. "Na mtoto wa siku tatu? Nyie wote mlikuwa njano, ilitoka yenyewe."

"Mama, zamani—"

"Zamani mlikufa?"

Kaka akaenda mpaka barabarani kutafuta gari, akarudi amelowa chapachapa: barabara imekatika pale bondeni, hakuna kinachopita. Tumekubaliana kukikucha tu tunaondoka. Wifi alibaki kitandani na Bosi. Alikuwa anamtekenya mtoto unyayo ili aamke.

Aprili 5, Ijumaa

Nimeshindwa kuandika siku hizi mbili. Naandika sasa, nimekaa kwenye korido ya wodi ya watoto wachanga, nisije nikaanza kujidanganya baadaye kuhusu yaliyotokea.

Jumatano asubuhi tulitembea. Maji bondeni yalifika magotini. Kaka alimbeba Wifi mgongoni, mimi nilimbeba Bosi ndani ya koti, Mama nyuma na beseni kichwani kama tunahama. Mtaa wa pili tukapata gari. Kulipopambazuka vizuri nilimfunua mtoto, na hapo sikuhitaji kubonyeza pua. Alikuwa njano mpaka nyayoni. Weupe wa macho yake ulikuwa rangi ya kiini cha yai.

Mama Taa alimpokea, akamtazama mara moja tu. Damu ikachukuliwa. Daktari wa watoto akatueleza kwa haraka: Wifi ana kundi moja la damu, mtoto amechukua la baba yake, na zile kinga za mama zimeingia kwa mtoto zikavunjavunja damu yake. Damu ikivunjika inaacha rangi ya njano. Ikizidi, inapanda kwenye ubongo, na ikiingia huko haijulikani itaharibu wapi. Dawa ni taa za bluu, saa hiyo hiyo, nyingi kadiri inavyowezekana; na zisipotosha, abadilishiwe damu. Damu ya kumfaa itafutwe hospitali nyingine, wenzao wameshapigiwa simu.

"Basi muwekeni kwenye taa," Wifi akasema.

Mama Taa akanitazama mimi.

Taa zilikuwa pale, zimepangwa juu ya vitanda, zimekufa. Watoto watatu walikuwa wamelazwa chini yake, wamefungwa vitambaa machoni kuwakinga na mwanga ambao haukuwepo. Umeme wa hospitali ulikuwa umeondoka tangu usiku. Na nje, ng'ambo ya ujia tu, jenereta letu lilikuwa linanguruma.

Nikakimbilia kwetu. Fundi wa umeme wa hospitali nilimkuta hapo hapo nyuma, amejikinga mvua. Nikamwuliza kama jenereta linaweza kuvuta na taa za wodi.

"Na majokofu pia? Hapana. Litazima, na likizima kwa mzigo sina uhakika litawaka tena. Chagua kimoja."

Nikampigia Profesa. Alikuwa amekwama ng'ambo ya daraja, njia nzima imejaa maji na malori. Simu ilikuwa inakatakata. Nikamweleza. Nikasikia wipa za gari lake.

"Jokofu la kwanza lilishapata joto jana," akasema. "Likizimwa tena leo, yale maziwa yameisha. Miaka miwili. Akina mama mia ngapi wametoa damu yao mle, kwa ajili ya watoto ambao hata hawajazaliwa. Mwaka jana tulipoteza jokofu zima, unakumbuka?"

"Nakumbuka, Profesa. Lakini hapa kuna watoto wanne."

"Umeme unarudi saa ngapi?"

"Hawajasema."

"Nisubiri nifike. Nisije nikaamua kitu nisichokiona. Daraja wanalifungua sasa hivi, wanasema. Nisubiri."

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali labda ningemkatalia. Alinisemesha kama siku zote, taratibu, kwa busara, na mimi nimezoea kuisikiliza sauti ile nikiamini ina haki. Nikasema, "Sawa, Profesa."

Nikasubiri.

Nilirudi wodini, nikakaa na Wifi. Tulimvua Bosi tukamsogeza dirishani kupata mwanga wa nje, na nje kulikuwa na wingu zito limelala juu ya paa. Tulimkamulia maziwa kwa kijiko. Alimeza kidogo, mengine yakatiririka shingoni. Nikampigia tena Profesa, hakupatikana. Nikapiga tena. Mama Taa alipita mbele yangu na beseni, akasimama.

"Ufunguo wa kwenu nani anao?"

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Mfukoni."

"Basi?" akasema, akaendelea na safari yake.

Neno hilo moja nalisikia mpaka sasa. Hata hivyo sikuinuka. Nilijiambia daraja limeshafunguka. Nilijiambia Profesa yuko getini. Niliwaza mkataba wangu, niwe mkweli, na nikawaza jinsi nitakavyosimama mbele yake na maziwa yaliyoyeyuka. Mchana ukapita hivyo.

Kisha Bosi akalia. Tangu jana yake tulikuwa tunaomba alie, na alipolia Wifi akaruka kwa furaha. Lakini hakikuwa kilio chake. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama mlango wenye kutu. Na mgongo wake ukajipinda kwa nyuma, kichwa kikarudi, mikono ikakakamaa mbele. Wifi akamkumbatia akidhani anajinyoosha.

Nimesoma kuhusu mgongo ule: ndivyo mtoto anavyojipinda njano ikishafika kwenye ubongo. Nimefundisha wanafunzi kuhusu mgongo ule.

Sikumpigia mtu yeyote tena. Nilikimbia, nikafungua chumba, nikachomoa jokofu la kwanza, nikachomoa la pili. Fundi akapitisha waya dirishani, kuvuka ujia, mpaka wodini. Mama, mama yangu anayegombana na kila mtu, alisimama ujiani kwenye mvua ameushikilia waya juu kwa mikono miwili usiguse maji, na watu walipotaka kupita aliwafokea wazunguke. Taa ziliwaka zote kwa mpigo. Wodi ikawa bluu kama ndani ya chupa. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye mwanawe alikuwa pale tangu usiku, akaanza kupiga makofi peke yake.

Tuliwaweka wawili wawili chini ya taa. Damu ilifika jioni. Daktari alimbadilishia Bosi damu, kidogo kidogo, akitoa chafu akiingiza safi, mpaka shingo ya daktari mwenyewe ikawa haigeuki kwa kuinama.

Yuko hai. Rangi imeshuka. Leo amenyonya. Mgongo bado unajipinda, mara moja moja.

Mtoto mmoja kati ya wale watatu alifariki jana asubuhi. Alikuwa njiti, alikuwa na mengine pia. Mama Taa anasema huyo hakuwa wa njano peke yake. Sijui kama ananihurumia.

Aprili 6

Profesa alifika Alhamisi. Sikuandika hilo jana. Alipita kwetu kwanza, akafungua jokofu, akafunga. Halafu akaja wodini, akasimama mlangoni na viatu vyenye tope, akaziangalia taa, akawaangalia watoto. Alimtambua Bosi kwa sura, maana ni wa utafiti.

"Ungenielezea vizuri zaidi," akaniambia.

Niliinama nikamrekebishia Bosi kitambaa cha macho. Nimelala nikilifikiria neno hilo, na leo nimeamka nalo. Nilimweleza vizuri. Nilimwambia watoto wanne.

Aprili 9

Umeme umerudi. Kipuri cha jenereta bado kiko njiani.

Aprili 13

Tumeruhusiwa kurudi nyumbani. Mvua.

Aprili 20, Jumamosi

Kaka ameanza. Alikaa kimya wiki nzima, leo mezani akasema, "Daktari alisema damu zao hazipatani. Mama na mwanawe hawapatani, umesikia wapi jambo hilo? Kwetu halijawahi kutokea."

Wifi alikuwa chumbani, mlango wazi.

Nikafungua mdomo nimweleze makundi ya damu. Mama akaniwahi. Aliweka kijiko chini, na nilijua kabisa atakachosema, kwamba ukoo wa mkwewe una walakini. Namjua Mama.

"Mtoto alichukua damu ya nani?" akamwuliza kaka.

"Yangu."

"Basi damu yako ndiyo iliyoingia tumboni mwa mwenzio ikaleta vita. Yeye alikuwa na yake, ametulia. Mbona hujilaumu wewe?"

Kaka akasukuma sahani yake.

"Na mimi ndiye niliyesema ilitoka yenyewe," Mama akaendelea. "Ukitafuta wa kumsema, nipo hapa, niseme mimi. Yule mwache."

Kaka aliondoka mezani. Mama akaenda kuosha vyombo, akaviosha mara mbili. Blanketi la dirishani alishalitoa siku tuliyorudi, sikumwona akilitoa.

Aprili 27

Bosi ananyonya kwa shida, ulimi unalisukuma ziwa nje. Mikono inakakamaa akiguswa ghafla. Namfundisha Mama kumnyoosha vidole baada ya kumwogesha. Ana mikono mizuri kwa kazi hii kuliko mimi.

Mei 4

Kaka amepata kazi mji mwingine. Anasema ni ya muda. Amechukua viatu vyote.

Mei 8, Jumatano

Ilikuwa zamu ya Wifi kuulizwa maswali yetu ya hali ya mama. Angeulizwa na mwenzangu, lakini mwenzangu anaumwa. Nilimwuliza nyumbani, kitandani kwake.

"Katika siku saba zilizopita, umeweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo?"

"Hapana."

"Umejilaumu bila sababu mambo yalipokwenda vibaya?"

"Bila sababu ndiyo nini?"

Nikageuza ukurasa. Nikaendelea mpaka swali la mwisho, lile la kujidhuru, ambalo nimewauliza wanawake wengi sana nikiangalia dirishani. Safari hii nilimwangalia yeye.

"Nimewaza kulala nisiamke," akasema. "Lakini Bosi atakunywa wapi? Basi naamka."

Nikaweka karatasi kando. Nikamwambia kesho tunakwenda wote kwa daktari wa magonjwa ya akili, kwamba hii ni sonona, inatibika, na kuanzia leo Mama atalala naye chumba kimoja. Akakubali kwa kichwa. Huyu ndiye aliyekuwa anawachekesha watu kwenye foleni.

Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Wifi, siku ile. Mlisema umeme hakuna. Halafu jioni ukawepo. Ulitoka wapi?"

Ningeweza kumwambia ulirudi. Angeniamini.

Nikamwambia. Jenereta, majokofu, simu, ufunguo mfukoni. Nilimwambia kwamba tulipokuwa tunamkamulia Bosi maziwa kwa kijiko, ufunguo ulikuwa unanichoma paja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Ruhusa."

Akamgeuza Bosi upande wa pili, akampa ziwa lingine. "Toka," akasema. "Kesho tutakwenda kwa huyo daktari. Ila sasa hivi toka."

Mei 9

Tumekwenda. Amepewa dawa na siku ya kurudi. Njiani alitembea mbele yangu.

Mei 15

Leo nimempima Bosi. Profesa alisema apimwe na mtu mwingine, Wifi akakataa. "Apimwe na shangazi yake, ndivyo nilivyoahidiwa." Hakutabasamu aliposema hivyo.

Nikamvalisha kofia. Nikaweka sauti ya mgeni: mistari ikalala. Nikaweka sauti ya mama yake, ile tuliyorekodi kabla hajazaliwa, na Wifi alijisikia kwenye spika akicheka na kuongea haraka haraka, kama mtu mwingine kabisa. Mistari ikalala vilevile. Nikakagua nyaya. Nikarudia. Nikaongeza sauti. Profesa alikuwa nyuma yangu, nikasikia pumzi yake ikikata.

Halafu Bosi akapiga chafya, nikamgusa unyayo kumtuliza asije akalia, na mistari ikaruka. Nikamgusa tena, ikaruka tena. Masikio yenyewe huenda ni mazima. Njia ya kupeleka sauti kwenye ubongo ndiyo iliyoungua. Mguso unafika.

Nilimwambia Wifi hapo hapo, sikumsubirisha. Akauliza swali moja tu.

"Siku zote hizi nilizokuwa namwimbia?"

"Hakusikia."

"Nilikuwa nimembeba lakini."

"Hilo alilipata," nikasema.

Mei 16

Hakuna jipya. Mvua imepungua.

Mei 22

Nimemwomba Mama Taa anipokee wodini mkataba wangu wa utafiti ukiisha. Akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikasema hapana. "Kwetu kuna giza," akanikumbusha. Nikamwambia naijua njia. Hakunichekea, lakini alinipa koti la kazi nijaribu kama linanienea.

Mei 29, Jumatano

Profesa amemwita Wifi ofisini, na mimi nikaambiwa niwepo. Alikuwa amejiandaa, alitoka nyuma ya meza akakaa kiti kilicho sawa na chetu. Akasema anasikitika sana. Akasema, kwa utaratibu wa kitaalamu, mtoto aliyepata madhara ya ubongo baada ya kuzaliwa hawezi kuhesabiwa pamoja na wenzake, atayapotosha matokeo, kwa hiyo Bosi atatolewa kwenye utafiti. Huduma zote ataendelea kuzipata. Hawatasumbuliwa tena.

"Atatolewa kwa sababu gani?" Wifi akauliza.

"Sababu za kiafya. Ndivyo tunavyoandika."

"Alizaliwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Alizaliwa na ubongo wake mzima?"

Profesa akamtazama mtoto. "Ndiyo. Kwa kadiri tunavyojua, mzima."

Wifi alikuwa amempakata Bosi kifuani, mikono ya mtoto imekakamaa nje ya shuka kama anayetaka kupokea kitu. Akamfunika. Aliongea kwa sauti ile ya darasani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu Machi, ya kumsemesha mtoto wa darasa la kwanza aliye mbali kidogo na ubao.

"Mnataka kujua nini kinajenga ubongo wa mtoto na nini kinauharibu. Ndivyo mlivyoniambia niliposaini. Huyu mnajua kilichomharibu. Hata siku mnaijua. Ndiye mnayemjua kuliko wote, halafu ndiye mnayemtoa?"

"Mama Bosi, takwimu—"

"Asitolewe. Mhesabuni na wenzake. Kila mnapowaita wao, mimi nitamleta. Na pale pa sababu muandike kwamba taa zilikuwepo na umeme ulikuwepo."

Profesa akavua miwani. Nilidhani atanigeukia mimi nimsaidie, kama ilivyo kawaida yake akikwama na mama mkaidi. Hakunigeukia. Alikaa hivyo, miwani mkononi, uso wake umekuwa mdogo na wa kizee.

"Nikiandika hivyo," akasema mwishowe, "watatuuliza nani aliyekataa."

"Watajibiwa," Wifi akasema.

Niliwaambia wote wawili kwamba jina langu liandikwe pia, kwa zile saa nilizokaa na ufunguo. Profesa akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akavuta kalamu. Aliandika muda mrefu, akasoma kwa sauti alichokiandika, na hakikuwa na neno la kujikinga ndani yake. Wifi akaomba palipoandikwa "mtoto wa kike" pawekwe jina lake kamili, la cheti, si la mzaha. Likawekwa.

Tulipotoka alinikabidhi mtoto ili avae viatu. Ni mara ya kwanza kunipa tangu ile siku aliyonifukuza chumbani. Akachukua muda mrefu kufunga kamba, mrefu kuliko viatu vinavyohitaji, nami nikasimama pale mlangoni nimeukumbatia ule mgongo mgumu, nikimpapasa polepole mpaka ukaanza kulegea.